Barabara ya Bujumbura hadi Nyanza-Lac: Historia Iliyohifadhiwa katika Maneno

Kusini mwa Ujerumani kuna barabara ya watalii iliyoanzishwa mwaka 1950 na kuitwa Romantische Straße. Inaanzia Würzburg na kuishia Füssen, chini ya milima ya Alpi, na urefu wake unazidi kilomita 400. Wengi huipita kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, leo wakilala mji huu na kesho mji ule, wakitazama kuta, minara na makanisa ya karne nyingi. Katika mji wa Rothenburg ob der Tauber, sehemu ya ukuta iliyobomolewa kwa mabomu mwaka 1945 ilijengwa upya kwa michango, na majina ya waliochangia yakaandikwa papo hapo ukutani. Wenzetu hawa wanajua kuutunza mji wa kale.

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Burundi tunayo pia barabara ya namna hiyo, ingawa haina jina la kuvutia. Ni Barabara ya Taifa Namba 3, itokayo Bujumbura na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge, mwendo wa kilomita 75 hivi, kisha ikaendelea hadi Nyanza-Lac. Atafutaye kuta na minara atarudi mikono mitupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba miji ya barabara hii ni ya kihistoria, ila sehemu kubwa ya kumbukumbu zake imo katika maneno. Mwalimu asiyelijua hilo atafundisha Kiswahili kana kwamba kilifika nchini jana.

Kituo cha kwanza ni Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura. Hapo pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni njia waliyopita. Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, wenye soko la pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, samaki na mawese, na Burton na Speke walikuwa wameufikia tangu Februari 1858. Mitumbwi iliyobeba bidhaa kutoka Ujiji hadi pwani ya Burundi ilibeba na lugha.

Je, kwa nini lugha hiyo iliganda ufukoni isipande milimani? Jibu ni la kisiasa. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Halfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza na ambaye alikuwa mshirika wa Tippu Tip, aliufanya Ujiji kuwa ngome yake na akajaribu kuipenyeza nguvu yake Burundi. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Ndiyo maana Kiswahili kilistawi katika nchi tambarare ya Imbo, kando ya maji, huku milimani Kirundi kikibaki peke yake kwa muda mrefu.

Rumonge yenyewe ina kumbukumbu ya msiba katika kipindi hicho. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifungua hapo misheni. Mwezi Mei 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa, na misheni ikafungwa. Tangu siku zile Rumonge imeshuhudia tawala nyingi. Hata katika miaka ya karibuni imetoka mkoa wa Bururi, ikawa mkoa wenyewe mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Mipaka imehamahama, lakini soko la samaki na mawese limebaki, na lugha ya soko imebaki.

Mwanafunzi wetu akifika sokoni hapo na afungue daftari. Samaki wadogo ambao Kigoma huitwa dagaa, hapa ni ndagala. Samaki ambaye Kigoma ni mgebuka, hapa ni mukeke. Ziwa ni moja na samaki ni yule yule, ila kila ufuko una jina lake, na hakuna jina lililo kosa. Huo ni mfano wa somo la lahaja usiohitaji kununuliwa kitabu.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, waliwakuta Waswahili pwani, nao wenyewe wakaja na askari waliozungumza Kiswahili. Baada ya mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903, Mwezi Gisabo alilazimika kuukubali utawala wao, na lugha ya askari na makarani ikapanda milima. Kirundi kikapokea maneno ambayo leo hakuna anayeyahisi kuwa mageni: igitabo, isaha, ishure, amahera. Neno shule asili yake ni Kijerumani. Hela nayo ilitokana na Heller, sarafu ndogo iliyotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani baada ya mageuzi ya fedha ya mwaka 1904, rupia moja ikiwa na heller 100. Sarafu hiyo ilipata jina lake kutokana na mji wa Schwäbisch Hall, mji wa kale wa kusini mwa Ujerumani ambako ilianza kupigwa karne nyingi kabla. Kwa hiyo mama muuza ndagala wa Rumonge, anapohesabu amahera yake jioni, anataja bila kujua mmoja wa miji ile ile ambayo watalii huizuru kwa magari yao.

Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916. Chini yao elimu ilisimamiwa zaidi na misheni, kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikazidi kuonekana kuwa lugha ya mitaa maalumu ya Waislamu na wafanyabiashara, kama vile Buyenzi mjini Bujumbura. Polepole jina Mswahili likabeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Tusifiche: hadi leo wapo wazazi wasiopenda mtoto wao aitwe hivyo. Mwanafunzi mwenye hofu hiyo huingia darasani kwetu na mzigo ambao hakuna silabasi inayoutaja.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka katika sehemu hizi za Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa. Ukafuatiwa na ukandamizaji uliochukua roho nyingi zaidi nchini kote. Maelfu walivuka kwenda Tanzania na kuwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baada ya mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 wengi walirejea, pamoja na watoto na wajukuu waliosoma kwa Kiswahili. Walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Watoto wao walikuta shule zinazotumia Kifaransa wasichokijua, na Kiswahili chao safi hakikuwasaidia kitu katika mtihani.

Ikumbukwe kwamba ilikuwa katika miaka hiyo hiyo, Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ambapo Kiswahili kiliingia katika ratiba ya shule za msingi. Kiliingia kama lugha ya kigeni. Kwa mtoto wa milimani hilo linaeleweka. Kwa mtoto wa Rumonge, kumwambia kwamba anajifunza lugha ngeni ni kumwambia kwamba babu yake hakuwapo.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi wa idara yetu aipite barabara hii kabla ya kuhitimu. Gari la kulala si lazima. Basi la kawaida na daftari vinatosha. Awasikilize wazee wa mitaa ya Waswahili, wavuvi na wale waliorejea, aandike maneno yao na habari zao kwa idhini yao. Tusikawie. Ziwa lenyewe halitulii. Mto Lukuga ulipofunguka mwaka 1878, maji yalishuka mita kadhaa na ufuko wa enzi za Stanley ukabaki nchi kavu; katika miaka hii ya 2020 yamepanda tena na kuingia katika nyumba za Rumonge. Nyumba ikizama huweza kujengwa nyingine, kama ukuta wa Rothenburg. Mzee akifariki bila kusikilizwa, hakuna mchango utakaomrudisha.