Cutty Sark: merikebu ya chai iliyogeuzwa makumbusho

Nilikuwa Kericho, kwenye barabara iendayo Bomet, nikitazama malori ya chai yakianza safari ya kuja kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai uko tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Mwenyeji wangu, mzee wa Kikipsigis, akaniuliza chai ilivukaje bahari kabla ya makontena. Nikamtajia merikebu ambayo hata leo mtu aweza kupanda na kuingia ndani yake.

Yaitwa Cutty Sark. Ilishushwa majini Dumbarton, Scotland, tarehe 22 Novemba 1869: milingoti mitatu, mataruma ya chuma, mbao kwa nje. Kazi yake ilikuwa kuwahi London na chai mpya ya Uchina kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya kwanza ilibeba karibu tani 590. Lakini siku tano tu kabla haijashushwa, Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa. Meli za moshi zikapita njia ya mkato, na nahodha yeyote wa kwetu ajua pepo za Bahari ya Shamu zilivyo kwa chombo cha tanga. Baada ya safari nane za chai ikahamia sufu ya Australia, kisha 1895 ikauzwa kwa Wareno. Nahodha Wilfred Dowman aliinunua 1922 akairudisha Uingereza. Tangu 1954 imo gudini Greenwich, London, na 1957 ikafunguliwa kwa wageni. Iliungua 21 Mei 2007. Bahati, milingoti na mbao nyingi zilikuwa zimeshaondolewa kwa ukarabati. Ilifunguliwa tena 2012.

Chai ya Kericho haikuwahi kuipanda. Mashamba makubwa ya huko ni ya miaka ya 1920.

"Na nyinyi watu wa pwani, mmeweka chombo gani?" mzee akauliza.

Hapo nikakwama. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, haukubaki hata mmoja. Ulioundwa upya Zanzibar 2003 uliwekwa Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Hapa Mombasa, Ngome ya Yesu ina mabaki ya Santo António de Tanna, iliyozama 1697. Nayo ni ya Wareno!

Matondoni, Lamu, mafundi wa majahazi bado wapo. Kaunti zetu zingeanza na jahazi moja tu kuukuu, kabla halijapasuliwa kuni.