Ulinganifu wa maumbo bapa

Ulinganifu, au simetri, ni sifa ya umbo kubaki vilevile baada ya kuakisiwa au kuzungushwa. Mstari wa ulinganifu huligawa umbo katika nusu mbili zinazolaliana barabara karatasi ikikunjwa juu yake. Mraba una mistari 4, pembetatu sawa 3, pembetatu pacha 1. Mstatili ndio unaowakosesha wanafunzi wengi: una mistari 2 tu, inayopita katikati ya pande zake. Kunja karatasi ya daftari kwa ulalo uone: vipande viwili ni sawa kwa ukubwa, lakini pembe zake zinapishana.

Ulinganifu wa mzunguko huhesabiwa kwa idadi ya mara umbo linapojifunika lenyewe likizungushwa nyuzi 360 kwenye kitovu chake. Mraba hujifunika mara 4, kila baada ya nyuzi 90. Sifa hizi mbili haziendi pamoja daima. Msambamba wa kawaida hauna mstari wa ulinganifu hata mmoja, lakini hujifunika ukizungushwa nyuzi 180. Herufi S na Z ni hivyo hivyo. Duara lina mistari isiyo na idadi, na yote hupita kwenye kitovu chake.