Chanzo cha Pigo la Moyo: Mjadala wa Misuli na Neva, 1883–1907

Mwishoni mwa karne ya 19, wanafiziolojia waligawanyika kuhusu swali moja: je, pigo la moyo huanzia katika misuli yenyewe au katika neva zilizomo ndani yake? Huko Cambridge, Walter Gaskell alionyesha kwamba ukanda wa misuli uliokatwa kutoka moyo wa kobe uliweza kudunda wenyewe. Wapinzani wake walishuku kuwa bado ulikuwa na chembechembe za neva.

Mwaka 1904, Anton Julius Carlson alitumia mnyama mwingine: Limulus wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi, aliye karibu kinasaba na buibui. Moyo wake ni mrija mrefu, na uzi wa neva hulala juu ya mrija huo. Hivyo huweza kuondolewa bila kuiharibu misuli. Carlson alipouondoa, moyo ulisimama, ingawa misuli bado ilijikunja iliposisimuliwa moja kwa moja.

Jaribio hilo lilikuwa thabiti. Kilicholeta utata ni upana wa hitimisho lake, yaani kumfanya Limulus shahidi wa mioyo yote. Mwaka 1907, Arthur Keith na Martin Flack walibainisha katika moyo wa mamalia fundo la misuli maalumu, ambalo baadaye lilithibitishwa kuwa chanzo cha pigo. Kwa hiyo, Gaskell na Carlson wote walikuwa sahihi, kila mmoja kuhusu mnyama wake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba moyo ni mmoja.