Saa ya Graves: dola milioni 24, lakini si ju ya dhahabu

Wakaaji wa Kivu na Ituri wanajua bei ya gramu ya dhahabu. Basi wafanye hesabu hii. Kuko saa moja ya mfukoni, ya dhahabu ya karati 18, yenye uzito unaopita kidogo nusu kilo. Mu Novemba 2014 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's huko Genève, Uswisi, karibu dola milioni 24. Kwa bei ya dhahabu ya mwaka ule, hata ingekuwa dhahabu tupu, haingefika dola 25 000. Pesa ingine yote ililipia nini?

Kwanza, kazi ya mafundi. Henry Graves, tajiri wa benki wa New York, aliagiza kiwanda Patek Philippe kimtengenezee saa inayopita zote. Alikuwa anashindana na James Ward Packard, mtengenezaji wa magari, naye mkusanyaji wa saa. Kazi ilianza mwaka wa 1925. Graves akapokea saa yake 1933. Packard alikuwa amekufa tangu 1928.

Saa hiyo ina kazi 24. Inalia kengele kama saa kubwa ya London, inafuata mwezi unavyokua na kupungua, inaonyesha jua linachomoza na kutua saa ngapi New York, pamoja na nyota za usiku wa mji huo. Kalenda yake inatambua mwaka ambao Februari ina siku 29. Vyote hivyo ni meno na springi tu, bila umeme.

Pili, historia inayojulikana. Graves alikufa 1953. Baadaye saa iliingia mu makumbusho ya Rockford, Marekani, kisha 1999 ikauzwa dola milioni 11. Mnunuzi anaweza kufuata njia yake yote.

Ndiyo maana mkusanyaji haanzii kwenye mizani. Anafungua kifuniko, anasoma namba, anaangalia kama mashini ni ile ya kwanza, anauliza karatasi.

Saa nyingi za zamani zilipotea ju mwenye nayo aliona dhahabu tu: kifuniko kiliyeyushwa, mashini ikabaki bila nyumba. Mwenye kurithi saa ya babu aionyeshe kwanza fundi wa saa, mbele ya kuipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu.