Hisa za mafuta: ziuzwe au zishikiliwe?

Wadau, hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Unakula kwa njia mbili: gawio la faida, au kuuza bei ikipanda.

Wapo wanaosema dunia inahamia kwenye jua na upepo, hivyo hisa za mafuta ni za kutupa. Si kirahisi hivyo. ExxonMobil ya Marekani, iliyokuwa kwenye kipimo cha Dow Jones tangu 1928, iliondolewa Agosti 2020 wakati wa korona. Mwaka ule ilipata hasara ya dola bilioni 22.4. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha mafuta, ikavuna faida ya bilioni 55.7! Aliyeuza kwa woga aliumia.

BP ya Uingereza nayo 2020 ilikata gawio kwa nusu na kuahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2025 ikageuka, ikarudisha pesa kwenye mafuta.

Somo: bei ya pipa ina nguvu kuliko ahadi za wakubwa, na hakuna anayejua kesho yake. Basi ada ya shule na pesa ya mkopo usiziguse. Weka ile ambayo hata ikizama hulali njaa.