Nakuru: Uwanja, vyuo na hatima ya katikati ya jiji

Nakuru ilipokabidhiwa hati ya jiji na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Desemba 1, 2021, ilikuwa ya nne kupata hadhi hiyo nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sherehe zilipokwisha, swali la zamani lilibaki pale pale: ni kitu gani kitakachowafanya watu waendelee kufika katikati ya mji, katika mitaa iliyobanwa kati ya reli na barabara kuu iendayo Eldoret?

Swali hilo si la wapangaji wa miji pekee. Linamhusu mwenye duka la viatu anayelipa kodi ya kila mwezi, mama anayeuza chai na mandazi karibu na steji, na kijana anayetandaza jezi za mitumba kando ya njia kila siku ya mechi. Hawa wote huishi kwa miguu ya wapita njia. Miguu ikipungua, biashara hufa hata kama barabara imewekwa lami mpya na taa zinawaka usiku kucha.

Mji huu ulizaliwa na reli. Njia iliyojengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria ilipopita hapa mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na kituo na vibanda vichache. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji mdogo, na baadaye ikapata baraza la manispaa. Walowezi waliomiliki mashamba ya Njoro, Rongai na Subukia walileta nafaka zao hapa, na chama chao cha wakulima, KFA, kiliweka makao yake makuu mjini humo. Hadi leo mzunguko mmoja wa barabara unaitwa KFA, ingawa wengi wanaoshuka hapo hawajui herufi hizo zilisimamia nini.

Ikulu ndogo, ofisi za serikali, maghala ya nafaka, viwanda vya unga, bodi ya pareto: hayo ndiyo yaliyoujaza mji kwa miongo mingi. Nakuru ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa hadi mikoa ilipochukuliwa nafasi na serikali za kaunti mwaka 2013. Sekta ya pareto ilikuwa imeporomoka kabla ya hapo. Kiwanda cha betri cha Eveready, kilichowaajiri wenyeji kwa zaidi ya miaka 40, kilifungwa mwaka 2014. Kila kimoja kilipoondoka kiliacha nafasi ambayo haikujazwa na kingine cha aina yake.

Lakini idadi ya watu haikupungua. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi wa mji kuwa takriban 308,000. Ile ya 2019 ilipata zaidi ya 570,000. Ni kweli kwamba mipaka iliyotumiwa haikuwa ile ile, hivyo tarakimu hizo zisilinganishwe kwa pupa. Hata hivyo, anayeikumbuka London, Kaptembwa au Free Area ya miaka 20 iliyopita hahitaji sensa kumwambia kwamba mji umetanuka.

Kandanda, raga na kriketi

Jambo moja linaloitofautisha Nakuru na miji mingi ya ukubwa wake ni kwamba michezo yake iliwekwa karibu na maduka. Klabu ya Rift Valley Sports Club, yenye kiwanja cha kriketi, iko Club Road, katikati kabisa ya mji. Uwanja wa Afraha, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, uko mwendo mfupi wa miguu kutoka maduka makuu, ukipakana na mitaa ya zamani ya manispaa kama Flamingo na Bondeni. Jina lake ni la asili ya Kiarabu, kutoka neno lile lile lililotupa furaha.

Uwanja huo una historia inayozidi ukubwa wake. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, mwaka wa uhuru, bingwa wake wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru AllStars. Timu hiyo ilififia baadaye, ikafufuliwa, ikarejea ligi kuu mwaka 2015 na kushuka daraja msimu huo huo. Aliyeubeba mji kwa muda mrefu zaidi ni Ulinzi Stars, timu ya jeshi, iliyotwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010 huku Afraha ikiwa nyumbani kwake.

Afraha haikuwa ya mpira tu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowafukuza maelfu ya watu kutoka mashamba na vijiji vya Bonde la Ufa, uwanja huo na ule wa maonyesho ya kilimo viligeuka kambi. Familia zililala chini ya mahema mahali ambapo wiki chache kabla palikuwa na milingoti ya magoli. Aprili 2016 uwanja huo huo ulifurika tena, safari hii kwa mkutano wa maombi wa viongozi wa Jubilee baada ya kesi zilizowakabili katika mahakama ya kimataifa mjini Hague kusambaratika.

Upande wa raga, Nakuru RFC ilitwaa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014, ikivunja mazoea ya kombe hilo kukaa Nairobi. Mashindano yake ya wachezaji saba kila upande, Prinsloo, na yale ya wachezaji kumi, Great Rift, huwaleta vijana wengi kutoka Nairobi, Eldoret na kwingineko. Wikendi hizo vyumba vya hoteli hupatikana kwa shida na nyama choma huisha mapema. Ni siku chache kwa mwaka, lakini wafanyabiashara huzihesabu.

Wanafunzi walio mbali na mji

Nakuru pia ni mji wa vyuo, ingawa kwa namna ya pekee. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton wa Tatton na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, kiko Njoro, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Kabarak, kilichoasisiwa na Rais Daniel arap Moi na kupata hati mwaka 2008, kiko umbali unaokaribia huo, upande wa barabara ya Eldama Ravine. Kwa hiyo wanafunzi wengi hawalali mjini. Huja kwa matatu Ijumaa jioni au Jumamosi, wakanunua, wakala, wakatazama mechi, wakarudi.

Kwa muda fulani ilionekana kana kwamba vyuo vingehamia mjini vyenyewe. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, vyuo vikuu vya umma na vya binafsi vilikodi orofa za majumba ya kibiashara katika miji mingi ya Kenya ili kuwahudumia wanafunzi wanaojilipia karo. Nakuru ilipata mabewa kadhaa ya aina hiyo, mbali na bewa la mjini la Egerton. Wenye majumba walifurahi: mpangaji mmoja alichukua orofa nne, na chini yake wakajitokeza wenye mashine za kunakili karatasi, vinyozi, wauza chipsi na vibanda vya simu.

Furaha hiyo haikudumu. Mageuzi ya mitihani yaliposhika kasi, watahiniwa wa kidato cha nne waliopata alama ya C+ na kuendelea walipungua kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000 mwaka 2016. Serikali iliweza kuwachukua karibu wote, na soko la wanaojilipia likakauka. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo ikabana masharti ya mabewa ya mijini. Vyuo kadhaa nchini vikafunga matawi yake. Mwenye jumba aliyezoea mpangaji mmoja mkubwa alilazimika kuligawa upya kwa wapangaji wadogo 20, na si wote waliofaulu.

Hapa ndipo matatu inapoingia katika hesabu. Ikiwa mwanafunzi yuko Njoro na duka liko mjini, kinachoviunganisha ni nauli na steji.

Amri ya mwaka 2020

Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, serikali ya Kaunti ya Nakuru chini ya Gavana Lee Kinyanjui iliondoa matatu katikati ya mji na kuzipeleka vituo vya pembezoni. Masoko makubwa nayo yalifungwa kwa muda na wauzaji kutawanywa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, na wakati ule ni wachache waliobisha. Lakini makali ya janga yalipopungua, agizo la matatu halikuondoka. Likawa sasa sehemu ya mpango wa kuupa mji utulivu na nafasi, mji uliokuwa ukijiandaa kuitwa jiji.

Waliounga mkono walikuwa na hoja. Msongamano ulikuwa umezidi, na mtembea kwa miguu alikuwa amenyang'anywa njia yake. Nakuru, ambayo wazee wake hawachoki kukumbusha kwamba iliwahi kusifiwa kuwa mji safi kuliko yote Afrika Mashariki, ilikuwa na haki ya kutaka mitaa inayopumua.

Waliopinga waliangalia abiria. Mama aliyetoka Molo na gunia la viazi alishushwa mbali na soko, akalazimika kukodi bodaboda au tuktuk kwa nauli ya pili. Mwanafunzi aliyekuwa akishuka kati ya maduka sasa alishuka kando ya barabara kuu, mahali ambapo wachuuzi walikuwa wameshafika kabla yake, akanunua alichohitaji hapo hapo na kugeuza. Wenye maduka ya katikati, ambao ndio waliotarajiwa kunufaika na utulivu, walilalamika kwamba wateja wamekwenda na matatu. Mvutano ulifika mahakamani na barabarani. Gavana Susan Kihika alipoingia ofisini Agosti 2022, miongoni mwa hatua zake za kwanza ilikuwa kuziruhusu matatu kurudi.

Kurudi huko kulirudisha na msongamano. Mji ulikuwa umejaribu mambo mawili, kufunga kabisa na kufungua kabisa, bila kukaa kwenye la tatu, yaani steji ndogo zilizopangwa ndani ya mwendo wa dakika chache kutoka sokoni, zenye muda maalumu wa gari kusimama. Hilo linahitaji askari wa kaunti anayesimamia saa badala ya kukusanya faini, na pengine ndiyo maana halivutii.

Uwanja uliofungwa

Wakati huo huo Afraha yenyewe ilifungwa. Mwaka 2021 kazi ya kuujenga upya ilianza kwa fedha za mpango wa kusaidia miji, KUSP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa majukwaa mapya na uwanja unaofikia viwango vya mashindano makubwa. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na Ulinzi Stars ikahamishia mechi zake kwingine.

Kwa mashabiki hilo lilikuwa usumbufu. Kwa wauza njugu, mayai ya kuchemsha na soseji waliozunguka lango lake, ilikuwa kukatika kwa kipato. Makadirio ya miradi kama hii huhesabu saruji na viti. Hayana safu ya kuandika mauzo ya Jumapili alasiri yaliyopotea kwa miaka.

Hata hivyo uamuzi wa kuukarabati uwanja pale ulipo ulikuwa wa busara, na haukuwa wa lazima. Kisumu ilipojenga uwanja mpya wa Jomo Kenyatta, uliotumika katika sherehe za Madaraka Juni 1, 2021, iliuweka Mamboleo, nje ya katikati ya mji, ambako shabiki hufika kwa gari na kuondoka kwa gari. Anayetoka Afraha baada ya kipenga cha mwisho anaweza kutembea hadi mkahawani.

Uwanja pekee lakini haulishi mji. Wachumi waliochunguza viwanja vilivyojengwa kwa fedha za umma nchini Marekani wamekuwa wakionya kwa miongo kadhaa kwamba mapato yake huwa madogo kuliko ahadi. Hata Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, wenye uwanja wa chuo unaobeba zaidi ya watu 100,000, hupata mechi saba au nane tu za nyumbani kwa mwaka. Siku nyingine zote mji huo huishi kwa wanafunzi wanaokaa humo humo.

Kwa Nakuru, mfano huo unaelekeza macho Bondeni, ambako mradi wa nyumba za bei nafuu umejengwa katika ardhi iliyo karibu na Afraha. Familia inayoishi hapo haihitaji steji ili kufika sokoni. Mitaa mingine ya manispaa ya enzi ya ukoloni, yenye nyumba za chini na viwanja vipana, imebaki kwenye ardhi ambayo thamani yake imepanda sana. Wapangaji wake wa miaka mingi wanataka kujua kama nyumba mpya zitakuwa zao au za wengine.

Upande wa pili wa mji, upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Kwa zaidi ya nusu karne, msafiri wa Kisumu, Eldoret au Kampala alisimama Nakuru kwa chai, na wachuuzi wa mahindi ya kuchoma walizijua ratiba za mabasi. Barabara hiyo itakapokamilika, dereva atakuwa na sababu chache za kupunguza mwendo, na katikati ya jiji itawategemea zaidi wakazi wake, wanafunzi wa Njoro na Kabarak, na wale wanaokuja kutazama mpira.