Kazi ya masoko na afya: ukomo wa saa ni upi?

Wasikilizaji walio kwenye kazi ya masoko hutuuliza: jioni kuna uzinduzi wa bidhaa, usiku wateja wanaandika WhatsApp, je, tupumzike lini? Tumepitia yanayofahamika.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na ukomo wa saa.

Kwa hiyo, ukimaliza kazi saa 2 usiku, mapumziko yako yanaisha saa 2 asubuhi. Kubaliana na mkuu wako simu ya wateja ishikwe kwa zamu. Na likizo yako, ichukue.